Nyumba kwenye kijiji cha mlimani: mwongozo kamili wa kutembelea, kununua na kuishi

Nyumba mbovu hurekebishika. Paa huezekwa upya, sakafu hung'olewa, ukuta hubomolewa ukajengwa mwingine. Mlimani kuna vitu vitatu ambavyo fedha yako haiwezi kuvihamisha: maji, njia na majirani. Anayenunua bila kuvichunguza hivyo vitatu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama nyumba yenyewe ni nzuri kuliko zote kijijini. Kwa hiyo mwongozo huu unavipa nafasi kubwa kuliko vigae na madirisha.

Hatua ya 1: Nenda kwanza kama mgeni, tena msimu mbaya

Vijiji vya mlimani hupendeza sana wakati ule ambao watalii huenda. Barabara ni kavu, anga ni safi, mito ina maji ya kutosha na kila mtu ana muda wa kuzungumza. Wewe chagua kinyume chake. Kama mahali pale pana masika mazito, nenda masika yakiwa yamepamba moto. Kama pana theluji, nenda katikati ya majira ya baridi. Kama tatizo lao ni ukame, nenda mwisho wa kiangazi chemchemi zikiwa zimenywea. Kisha rudi msimu mzuri ulinganishe.

Ukipata chumba cha kupanga, panga miezi kadhaa kabla ya kununua chochote. Huo ndio ushauri ninaouamini kuliko mwingine wowote humu. Kodi ya miezi michache ni ndogo mbele ya hasara ya nyumba usiyoweza kuifikia kwa gari kila mvua inaponyesha.

Ukiwa mgeni, jitambulishe kwa uongozi wa kijiji na useme wazi kilichokuleta. Mahali ambapo kila sura inajulikana, mtu anayezunguka akipiga picha nyumba za watu huzua maswali, na maswali yakikosa majibu huwa uvumi. Funga kila lango ulilolikuta limefungwa. Usikanyage kingo za matuta ya mashamba: ndizo zinazoshikilia udongo, na ukingo mmoja ukibomoka mvua inayofuata huondoka na kazi ya miaka.

Hatua ya 2: Jiandae mwili na gari

Chini ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, watu wengi hawahisi tofauti kubwa zaidi ya kuhema wakipanda. Kuanzia kama mita 2,500, maradhi ya mwinuko yanaweza kumpata yeyote, kijana mwenye mazoezi kama mzee. Katika mita 3,000, kila pumzi inakupa takriban asilimia 70 ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi wa kukatikakatika. Zikikupata, usipande zaidi mpaka ziishe. Mtu akianza kuyumba anapotembea, akachanganyikiwa au akahema hata akiwa ameketi, mteremshe mara moja, usiku au mchana. Kwa safari za juu ya mita 3,000, panga kutolala zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja. Wenye matatizo ya moyo au mapafu, wenye selimundu na wajawazito waonane na daktari kabla ya kuamua kuhamia huko.

Maji nayo huchemka mapema kadiri unavyopanda, karibu nyuzi 1 ya Selsiasi chini kwa kila mita 300. Matokeo yake kunde na nafaka ngumu huchukua muda mrefu jikoni, na sufuria ya presha inakuwa kifaa cha lazima. Maji ya kunywa yaache yachemke kikamilifu kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 kwa dakika tatu.

Kuhusu gari: mteremko mrefu ushukie kwa gia ndogo, injini ndiyo ikushikilie. Anayekanyaga breki njia nzima huzichemsha hadi zisishike, na hilo hutokea kwenye kona za mwishoni, pale ambapo korongo liko ubavuni. Kwenye njia nyembamba, mpishe anayepanda, kwa sababu akisimama huenda asiweze kuondoka tena.

Hatua ya 3: Soma jua na baridi kabla ya kusoma nyumba

Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba chini kabisa bondeni kunaweza kuwa na baridi kuliko katikati ya mteremko. Usiku tulivu usio na mawingu, hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka taratibu na kutuama bondeni, na mimea ya huko ndiyo huungua kwa jalidi kwanza. Aliye mgongoni mwa mlima anapigwa na upepo, aliye bondeni anakaliwa na baridi na ukungu. Ndiyo maana vijiji vingi vya kale vimeshikilia katikati ya mteremko.

Jua ni suala la peke yake. Kaskazini mwa dunia, miteremko inayotazama kusini ndiyo hupata jua zaidi, na kusini mwa dunia ni kinyume chake. Karibu na ikweta jambo muhimu zaidi ni mashariki na magharibi: kama ukungu na mawingu hujikusanya mchana, nyumba inayotazama mashariki hufaidi jua la asubuhi kabla halijafunikwa. Usidharau kivuli cha mlima wa ng'ambo. Mji wa Rjukan nchini Norwe hukaa kivulini karibu nusu ya mwaka, na mwaka 2013 ulifunga vioo juu ya mlima ili kuuakisia uwanja wake mwanga wa jua. Kijiji cha Viganella nchini Italia kilikuwa kimeshafanya hivyo mwaka 2006. Mwuzaji akikuonyesha nyumba saa sita mchana, rudi saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Programu za simu zinazochora njia ya jua zitakuonyesha pia lilivyo katika miezi mingine.

Hatua ya 4: Pima maji kwa ndoo na saa

Mwuzaji atakuambia, "Hapa maji hayakatiki." Mjibu kwa heshima, kisha chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa.

Nenda kwenye chanzo chenyewe mwisho wa msimu wa ukame. Kinga mtiririko wote uingie kwenye ndoo, uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, una nusu lita kwa sekunde, yaani zaidi ya lita 43,000 kwa siku, na kwa kaya moja hiyo ni neema. Ikijaa kwa dakika 10, una lita 2 kwa dakika, kama lita 2,880 kwa siku. Kwa familia ndogo bado zinatosha, maana Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku kwa mahitaji ya msingi. Lakini hapo utahitaji tangi linalojaa usiku kucha, na bustani ya kumwagilia usahau. Rudia kipimo mara tatu, uandike na tarehe.

Halafu uliza maswali ambayo ndoo haiyajibu. Chanzo kiko kwenye ardhi ya nani? Bomba linapita kwenye mashamba ya akina nani, na kwa makubaliano gani? Kuna zamu za maji? Nani husafisha chanzo, na nani alipe bomba likipasuka? Haki ya maji inayotegemea urafiki wa mwuzaji na jirani yake huondoka na mwuzaji. Itake kwa maandishi, ikitiwa saini na mwenye ardhi ya chanzo na kushuhudiwa na uongozi wa kijiji au mamlaka ya maji ya eneo hilo.

Maji yanayoshuka kwa mvuto yana nguvu ya kuzingatiwa. Kila mita 10 za kuteremka huongeza presha kwa takriban baa moja (baa ni kipimo cha presha). Tangi likiwa mita 10 juu ya bomba la jikoni, maji yatatoka vizuri. Chanzo kikiwa mita 100 juu yako bila tangi la kati la kupunguza presha, mabomba na viungo vyake vinaweza kupasuka. Kama chanzo ni hafifu, geukia paa: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linatoa karibu lita 800 baada ya kuondoa zinazopotea. Shimo la maji taka liwe chini ya chanzo chochote cha maji, lisiwe juu yake, na umbali wa angalau mita 30. Angalia pia choo cha jirani wa juu yako kiko wapi.

Hatua ya 5: Uliza kama ardhi inatembea

Hili ni la uhai, kwa hiyo usiharakishe. Tembea eneo zima, hasa juu ya nyumba, mahali ambapo madalali hawakupeleki. Miti iliyopinda shinani kisha ikanyooka inaonyesha udongo unaoteleza polepole. Nguzo na uzio vilivyoinama upande mmoja ni vivyo hivyo. Tafuta nyufa ardhini zinazokatisha mteremko, ukuta wa mawe uliotokeza tumbo, mahali penye unyevunyevu mpya pasipo na kijito. Ndani ya nyumba, funga na kufungua kila mlango: mlango unaokwama kwenye fremu iliyopinda, pamoja na ufa wa mshazari juu yake, unataka mhandisi aitwe kabla ya wakili.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Kiwanja tambarare, kipana, chenye udongo mzuri, mdomoni mwa korongo. Wanunuzi hukipenda papo hapo. Utambarare huo mara nyingi umetengenezwa na korongo lenyewe, lilipokuwa likimwaga mawe na tope mafuriko baada ya mafuriko, na halijastaafu. Vivyo hivyo mawe makubwa yaliyokaa shambani peke yake: tazama juu uone yalitoka wapi. Doa jeupe kwenye jabali ni jeraha bichi. Penye theluji nyingi, miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 juu ya nyumba ndiyo hasa huzaa maporomoko ya theluji, na simu yako inaweza kupima pembe hiyo.

Kisha waulize wazee, zaidi ya mmoja, na waulize kila mmoja akiwa peke yake. Huko Vajont, kaskazini mwa Italia, wakazi walionya mapema kwamba ubavu wa mlima Toc, juu ya bwawa lililokuwa likijengwa, ungeweza kuporomoka. Mwandishi wa habari Tina Merlin aliyeandika hofu zao alishtakiwa kwa kutia watu taharuki, akaachiwa huru. Tarehe 9 Oktoba 1963 ubavu wa mlima ule uliporomoka ndani ya bwawa, na wimbi lake likaua karibu watu 2,000. Mzee akisema, "Pale hatujengi," usimwombe ushahidi wa kisayansi. Tafuta kiwanja kingine.

Hatua ya 6: Kagua nyumba mvua ikinyesha

Zunguka nje kwanza. Maji ya paa yanaelekea wapi? Mfereji wa upande wa juu upo, na umezibuliwa? Ukuta uliochimbiwa mlimani ndio hunywa maji, kwa hiyo uguse, unuse, sogeza kabati lililouegemea. Rangi iliyopakwa juzi kwenye ukuta huo peke yake inaficha kitu. Panda darini na tochi, chomachoma ncha za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, maana ndipo zinapooza kwanza.

Nyumba ya kale ya mawe iliyojengwa kwa udongo au chokaa usiipige lipu ya saruji. Kuta hizo hukauka kwa kutoa unyevu nje. Saruji huufungia ndani, na baada ya miaka michache utakuwa na kuvu ukutani na mawe yanayoachana.

Hatua ya 7: Karatasi

Vijijini ardhi hurithiwa bila kugawanywa kisheria. Hati ina jina la babu, babu ana wajukuu thelathini, nusu yao wako mijini au ng'ambo, na anayekuuzia ni mmoja tu, tena kwa nia njema kabisa. Mirathi ifungwe kwanza, wote wenye haki wasaini, ndipo fedha itoke. Usikubali kulipa "kidogo ili kuonyesha nia" moja kwa moja mkononi mwa mtu. Amana ikae kwa wakili au kwenye akaunti ya amana, ikiwa na masharti ya kurudishwa.

Wakili awe wako, asiwe wa mwuzaji wala dalali. Mpe orodha hii na udai jibu la kila jambo kwa maandishi: nani anatajwa kwenye daftari la ardhi leo, kuna rehani, kesi au deni la kodi, matumizi yaliyoruhusiwa ni makazi au kilimo tu, eneo limo ndani ya hifadhi ya msitu, chanzo cha maji au majengo ya kale, na kila nyongeza ya jengo ina kibali. Kama wewe si raia, uliza mapema unaruhusiwa nini, kwa sababu nchi nyingi humpa mgeni pango la muda mrefu badala ya umiliki. Hata raia hubanwa: mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kwamba nyumba za pili, zile za mapumziko, zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila wilaya ndogo. Na zile nyumba zinazotangazwa Italia kwa euro moja huja na sharti la kuikarabati ndani ya muda maalumu na kuweka dhamana, kwa hiyo hesabu yako ianzie kwenye ukarabati.

Mipaka ipimwe upya na mpima ardhi mwenye leseni, majirani wote wa mpakani wakiwepo. Tembea naye kutoka jiwe hadi jiwe, piga picha kila moja. Nimeona watu wakiliruka zoezi hili kwa kuogopa kumuudhi mwuzaji. Majirani hufurahi kuitwa, na wakiwa na neno watalisema siku hiyo, kabla hujajenga.

Mwisho, njia. Kama ili kufika barabarani unapita kwenye ardhi ya mtu, haki hiyo iandikishwe kwenye hati, ikitaja upana na kama gari linaruhusiwa. "Tumepita hapa tangu zamani" ni kauli ya kweli mpaka shamba lile litakapouzwa kwa mtu mwingine.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya mita za mwisho

Makadirio ya fundi wa mjini hayajui mlima. Lori linafika wapi hasa? Kutoka hapo, saruji, mabati, mchanga na tangi vitabebwa kwa nini? Mita 200 za kupanda kwa mabega au kwa mnyama zinaweza kuzidi usafiri wote uliotangulia. Omba fundi wa kijijini akupe makadirio pia, kwa sababu yeye ndiye anajua mwezi gani lori haliwezi kupanda. Weka akiba ya angalau robo ya bajeti, na usiguse fedha hiyo kwa ajili ya mapambo. Kumbuka pia kwamba nyumba ya kijijini huuzwa polepole, hivyo usitie fedha ambayo huenda ukaihitaji ghafla.

Hatua ya 9: Mwaka wa kwanza

Shughuli za pamoja zinakuhusu tangu siku ya kwanza: kusafisha chanzo, kufukua mifereji ya barabara, msiba wa jirani. Nenda mwenyewe, na jembe mkononi. Kutuma fedha badala yako kunapokelewa, lakini bomba lako likikatika saa nne usiku watakaotoka ni wale mliofukua nao mfereji. Ajiri mafundi wa pale pale kadiri unavyoweza, na ukikorofishana na jirani ulimalize mapema, mkiwa wawili, kabla halijafika kwa mwenyekiti.

Nyumbani weka chakula, dawa na nishati za wiki mbili. Jua kituo cha afya kilicho karibu hufunguliwa siku gani, nani kijijini ana gari linaloweza kutoka usiku wa mvua, na simu inashika wapi. Kama kazi yako inategemea intaneti, ipime saa mbili usiku watu wote wakiwa hewani, na ipime siku ya dhoruba. Jenereta hupungua nguvu kadiri unavyopanda, karibu asilimia 3 kwa kila mita 300, hivyo nunua kubwa kuliko hesabu ya mjini. Paneli za jua, kwa upande wake, hupenda hewa baridi na hufanya kazi vizuri pasipo na kivuli.

Kuni zikaushwe mwaka mzima au zaidi chini ya paa, pande zikiwa wazi. Na jambo moja nisilolilegeza: jiko la mkaa lisiingizwe chumba cha kulala kilichofungwa, hata makaa yakionekana yamekufa. Hewa yake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Penye jiko la ndani pawe na bomba la moshi, tundu la hewa na kengele ya kugundua hewa hiyo, yaani kaboni monoksidi.

Usijenge kitu kikubwa mwaka huo. Weka daftari: tarehe, sekunde za ndoo kwenye chanzo, mahali maji yalipotuama baada ya mvua kubwa, mahali jua lilipofika asubuhi, siku barabara ilipofungwa na ilipofunguliwa. Fundi atakapokuja mwaka wa pili kuuliza tangi likae wapi na mlango utazame wapi, mpe daftari hilo alisome kabla hajatoa futi yake.